Mwenye Mamlaka juu ya Picha: Kubadilisha Programu Chaguomsingi ya Mafaili ya Picha kwenye Kompyuta

Mtumiaji wa kompyuta anapobofya picha mara mbili, picha hufunguka upesi kiasi kwamba ni rahisi kudhani kuwa faili lenyewe ndilo lililochagua programu ya kulionyesha. Katika mifumo mingi ya leo, faili la picha halijui lolote kuhusu programu: lina tarakimu zinazoeleza rangi na ukubwa wa picha, na pengine tarehe na aina ya kamera, ilhali uamuzi wa nani azisome tarakimu hizo ni wa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, kama vile Windows, macOS au Linux. Mfumo huo hutunza orodha inayoonyesha kila aina ya faili na programu iliyokabidhiwa kuifungua, na programu iliyokabidhiwa ndiyo iitwayo programu chaguomsingi. Kuibadilisha, basi, ni kurekebisha mstari mmoja wa orodha hiyo. Picha zenyewe haziguswi, na mtu anayesita kwa kuhofia kupoteza picha za harusi hana sababu ya kuogopa.

Windows huitambua picha kwa kiendelezi, yaani herufi chache zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili, kama .jpg, .png au .gif. Utaratibu huu ni wa zamani. MS-DOS, mfumo uliotolewa mwaka 1981, uliruhusu jina la herufi zisizozidi 8 na kiendelezi cha herufi zisizozidi 3, na ndiyo sababu picha za muundo wa JPEG, uliokamilishwa mwaka 1992, zilizoeleka kwa kiendelezi cha .jpg katika kompyuta hizo, wakati kwingineko ziliandikwa .jpeg. Windows 95 iliondoa kikomo hicho, lakini viendelezi vyote viwili vikabaki, na mpaka leo Windows huvihesabu kuwa aina mbili, hivyo anayebadilisha .jpg akasahau .jpeg atashangaa kuona picha za muundo uleule zikifunguliwa na programu mbili tofauti.

Ikumbukwe kwamba kiendelezi ni lebo tu. Kufuta .png na kuandika .jpg mahali pake hakuigeuzi picha kuwa ya muundo mwingine, kwa kuwa utambulisho halisi umo ndani ya faili, katika baiti zake za mwanzo, baiti ikiwa ni kipande kidogo cha taarifa kinachotosha kubeba herufi moja. Faili la GIF, muundo ulioletwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, huanza kwa herufi GIF zinazofuatwa na 87a au 89a, na faili la PNG hubeba herufi PNG kuanzia baiti ya pili. Programu nyingi za kutazamia picha husoma alama hizo, hivyo picha yenye lebo isiyo yake mara nyingi hufunguka vizuri. Windows, inapochagua programu, huitazama lebo peke yake.

Kompyuta za Macintosh, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zilifuata njia nyingine kabisa. Kila faili liliambatana na misimbo miwili ya herufi nne nne, mmoja ukitaja aina ya faili na wa pili ukitaja programu iliyoliunda, kwa hiyo picha mbili za JPEG zilizokaa katika folda moja ziliweza kufunguliwa na programu tofauti, kila moja ikirudi kwa muumba wake. Utaratibu huo ulimfaa mchoraji aliyetaka kuendelea pale alipoachia, lakini ulimchosha aliyepokea picha kutoka kwa wengine, maana uamuzi ulishafanywa na mtu asiyemjua, kwenye kompyuta asiyoiona. Apple waliacha kuufuata msimbo wa pili katika toleo la mfumo wao la mwaka 2009. Siku hizi mtumiaji wa Mac huteua picha, hufungua dirisha la Get Info, huchagua programu kwenye sehemu ya Open with, kisha hubofya Change All. Akiacha kubofya kitufe hicho cha mwisho, chaguo lake litalihusu faili lile moja tu, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa hitilafu, ingawa ni mabaki yenye manufaa ya fikra ileile ya zamani.

Linux, kwa upande wake, huainisha mafaili kwa majina ya MIME, utaratibu ulioandikwa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed ili barua pepe iweze kubeba vitu visivyo maandishi. Picha ya JPEG huitwa image/jpeg, iwe imeandikwa .jpg au .jpeg. Chaguo la mtumiaji huhifadhiwa katika faili la maandishi ya kawaida liitwalo mimeapps.list, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, kulisoma na kulisahihisha. Kwa uwazi, hakuna mfumo mwingine kati ya hii mitatu unaoufikia huu.

Katika Windows mambo yana historia yenye mvutano zaidi. Orodha hutunzwa katika sajili, hazina ya mipangilio ambayo mfumo na programu zote huisoma, na kwa miaka mingi programu yoyote iliyosakinishwa iliweza kujiandika humo bila kumwuliza mwenye kompyuta, hata mtu aliyesakinisha programu ya kamera au ya printa akakuta picha zake zote zimehamia huko. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, chaguo la mtumiaji liliambatanishwa na namba ya uthibitisho, inayokokotolewa kutokana na mambo kama utambulisho wa akaunti yake, kiendelezi na programu iliyoteuliwa. Namba isipolingana, chaguo hubatilishwa. Uporaji ulipungua. Lakini Microsoft, mlinzi wa orodha hiyo, nayo ina programu zake zinazoshindana na za wengine, na katika Windows 10, ya mwaka 2015, watumiaji wengi walipokea arifa kwamba programu fulani ilileta tatizo na kwamba chaguo limerudishwa kwenye programu ya Microsoft yenyewe. Mfumo huohuo uliiweka mbele programu mpya iitwayo Photos na kuiondoa Windows Photo Viewer, iliyopendwa kwa wepesi wake, katika orodha ya programu zinazoweza kuteuliwa kwa ajili ya .jpg, ingawa haukuifuta: iliendelea kukaa kwenye diski na kuruhusiwa kufungua picha za TIFF, ambazo watu wa kawaida huziona kwa nadra. Ni vigumu kuuita uamuzi huo wa kiufundi.

Hatua za kubadilisha ni chache. Katika Windows 10 na 11 mtumiaji hubofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua Open with na kisha Choose another app, huteua programu anayoitaka, na hapo ndipo penye siri: lazima athibitishe kwamba uteuzi ni wa kudumu, kwa kutia alama kwenye kisanduku cha Always katika Windows 10 au kubofya kitufe chenye jina hilo katika Windows 11. Asipofanya hivyo, picha itafunguka mara hiyo moja na kesho yake mambo yatarudi yalivyokuwa. Njia ya pili ni kuingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya Apps na kisha Default apps, na, katika Windows 11, kuandika kiendelezi chenyewe katika kisanduku cha kutafutia. Kazi hurudiwa kwa kila kiendelezi, na uvumilivu unahitajika.

Ugumu wa kweli uko katika kuchagua programu inayofaa, kwa kuwa programu za picha ni za namna mbili: za kutazamia, zilizo nyepesi, na za kuhariri, kama Photoshop au GIMP, zinazochukua muda kuwaka na kula kumbukumbu nyingi. Anayepiga na kuchapisha picha za pasipoti anaweza kuwa na sababu ya kuifanya programu ya kuhariri iwe chaguomsingi; karibu kila mtu mwingine hufaidika zaidi na ya kutazamia. Kasi si sababu pekee. Muundo wa JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya taarifa ambayo jicho haliitambui kwa urahisi, na kila mara picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya katika muundo huo, taarifa nyingine hutupwa. Mtu anayetazama picha zake ndani ya programu ya kuhariri, akabofya kitufe cha kuhifadhi kwa mazoea, anaweza kuharibu nakala asili pasipo kujua. Atakayehitaji kuhariri siku mojamoja anaweza kuiita programu hiyo kwa Open with bila kubadilisha chochote.

Yapo matatizo ambayo mabadiliko haya hayatibu. Picha za iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, huweza kuhifadhiwa katika muundo wa HEIC, na programu isiyoufahamu muundo huo haitaufahamu kwa sababu tu imeteuliwa kuwa chaguomsingi. Dawa ni kupata programu inayoufahamu, au kuiamuru simu, katika mipangilio ya kamera, ipige picha za JPEG.

Jambo la mwisho lahusu usalama. Windows huficha viendelezi inavyovijua, na mnamo Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino, kilitumia ufichaji huo: kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini wengi waliona herufi za TXT tu wakadhani ni maandishi, ilhali .vbs ni kiendelezi cha amri zinazotekelezwa na kompyuta. Kirusi hicho kilifuta picha za .jpg na kuacha mahali pake nakala zake chenyewe, kila moja ikibeba jina la picha iliyofutwa na .vbs iliyofichika mwishoni, hivyo aliyebofya picha yake alikiamsha upya. Kwa hiyo, kabla ya kuteua programu yoyote, msomaji na aviweke viendelezi wazi: katika Windows 11 afungue folda, abofye View, kisha Show, na kutia alama kwenye File name extensions, mpangilio ambao katika kompyuta mpya huja ukiwa umezimwa.