Atafutaye Kasha Aanze na Hodi

Upo mchezo ambao umekwisha kuingia nchini, nao ni ule wa kutafuta makasha yaliyofichwa, ambao wenyewe huuita jiokeshingi. Mtu huficha kasha dogo lenye daftari ndani yake, kisha hutangaza nambari za latitudo na longitudo za mahali hapo. Wengine hutoka na simu zao kulitafuta. Alipataye huandika jina lake na tarehe, akalirudisha palepale. Hakuna dhahabu wala fedha. Faida yake ni matembezi, na kuyajua maeneo ambayo mtu asingefika kamwe.

Mchezo huu ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya nchi hiyo iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti walizokuwa wakipata raia, na siku iliyofuata Bwana Dave Ulmer akaficha ndoo msituni, katika jimbo la Oregon, ili kupima usahihi wake. Tangu hapo mchezo umeenea duniani pamoja na desturi zake. Hoja yetu leo ni juu ya mojawapo ya desturi hizo.

Wachezaji hufundishwa kutafuta kwa siri, wapita njia wasije wakalitambua kasha na kuliondoa. Katika msitu usio na watu hilo lina maana. Lakini Mbagala, Chamazi na Bunju si msitu. Hapo kila kichochoro kina mama anayekaanga maandazi, watoto wanaocheza, na wazee walioketi barazani ambao huwajua wote wapitao. Mgeni anayezunguka ukuta wa mtu mara tatu, akiinama na kujifanya anafunga viatu, haonekani kuwa mchezaji. Ataitwa mwizi, na sote twajua kuwa katika jiji letu ukelele huo umekwisha kuwaua watu kabla ya kuulizwa neno.

Liko na la pili. Kinondoni haijasahau tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani na kuua watu 11. Temeke haijasahau tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka huko Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa, na makombora yakaanguka katika makazi ya watu. Wachezaji wa Marekani hupenda kutumia makasha ya chuma ya risasi, kwa kuwa hayaingizi maji. Hebu msomaji afikirie kasha la namna hiyo likiokotwa na mtoto wa Mbagala nyuma ya nyumba ya jirani! Huo si mchezo tena, bali ni taharuki ya mtaa mzima.

Kwa hiyo twashauri kwamba hapa kwetu siri hiyo iachwe. Atafutaye aende mchana, tena na mwenziwe. Aanze kwa hodi na salamu. Amweleze mwenye nyumba ya karibu, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ni kitu gani anachotafuta, na amwoneshe simu yake. Kuuliza si ujinga.

Akikaribia, asiitegemee simu kupita kiasi. Ishara huyumba mita kadhaa, hasa chini ya miembe mikubwa na kati ya kuta ndefu. Zikibaki hatua kumi, aiweke mfukoni, atumie macho: atazame jiwe lililopangwa au ufa uliozibwa. Asichimbe, wala asing'oe mmea au tofali. Asitie mkono shimoni bila kuchungulia, kwani nyoka na nge nao hupenda mafichoni. Akichukua kitu, aache chenye thamani sawa au zaidi. Kisha alifunge kasha barabara, maana mvua za masika hazilisamehi daftari.

Nao wafichaji wana wajibu wao. Mwenye eneo aombwe ruhusa. Kasha liwe la plastiki linaloonesha kilichomo, na liandikwe nje, kwa Kiswahili, kwamba ni la mchezo. Chakula kisiwekwe, kwani huita siafu na panya. Makaburi ya kale ya Kunduchi, yenye nguzo zilizopata kupambwa kwa mabakuli ya Kichina, yasiguswe kabisa. Hayo ni urithi wa taifa, na sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.

Watakuwapo watakaosema kwamba kasha lijulikanalo na mtaa mzima litaibiwa. Sisi twaona kinyume chake. Kasha ambalo bibi wa jirani ameombwa kulitupia jicho limepata mlinzi; lile alilofichwa litaishia jalalani siku atakapofagia uwanja wake, au litamfanya apige yowe. Mchezo ni mzuri, nasi hatuupingi. Tunachotaka ni kwamba achezaye katika mtaa wa watu awatambue kwanza watu hao.