Karatasi Iliyokaa Kwenye Kopo la Biskuti

Mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, huku Uingereza, alitoka na mfuko wa dawa, koti la kuazima na bahasha. Dawa nilizihesabu, koti nikalirudisha. Bahasha nikaitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na pasipoti na risiti za pesa ninazotuma Tanga.

Alikuwa amelazwa miezi mitano, bila hiari yake. Kutoka hapo akapelekwa kwenye nyumba yenye uangalizi: mhudumu anamkumbusha vidonge asubuhi na jioni, muuguzi anamchoma sindano kila mwezi. Akaanza kula vizuri, akaanza hata kunitania. Mwezi wa tatu ikaja bili ya halmashauri: paundi 62 kwa wiki.

Nikalipa. Mimi mbeba boksi tu, nalea wazee zamu za usiku, lakini kwetu mgonjwa ni wa ukoo. Anayetoka hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, hupokewa na nduguze na mzigo huwa wao. Sikuona ajabu.

Aliyenishtua ni muuguzi mmoja Mkenya, tuko naye zamu.

"Dada, huyo kijana walimshikilia kwa kifungu gani?"

Sikujua.

"Kaangalie. Kama ni cha 3, hudaiwi hata senti."

Nilifungua kopo asubuhi ile ile, koti sijavua. Karatasi iliyokuwa kwenye bahasha ilisema: kifungu cha 3.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, inayotumika England na Wales, ina milango kadhaa ya kumlaza mtu kwa lazima. Kifungu cha 2 ni cha uchunguzi, kisichozidi siku 28. Cha 3 ni cha matibabu, hadi miezi 6, na huweza kuongezwa. Aliyelazwa kwa cha 3, au kwa amri ya mahakama chini ya cha 37, akitoka analindwa na kifungu cha 117: NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, na halmashauri zinalazimika kwa pamoja kumhudumia huko nje, na haziulizi ana mshahara au akiba kiasi gani. Aliyeishia kifungu cha 2 hana kinga hiyo.

Ziko halmashauri zilizowahi kutoza. Mwaka 2002 kesi ya Manchester na wenzake wawili ilifika House of Lords, iliyokuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa, nao wakashindwa: kifungu cha 117 kinaamuru huduma itolewe, wala hakitoi ruhusa ya kuitoza.

Huduma yenyewe ni ile inayotokana na ugonjwa na kumzuia mtu asirudi wodini. Muuguzi wa kumtembelea yumo, nyumba yenye uangalizi imo. Kodi ya chumba cha kawaida haimo. Wala huduma hiyo haina tarehe ya mwisho: hukoma tu NHS na halmashauri zote mbili zikiridhika kwamba haihitajiki tena.

Niliandika barua moja, nikaambatanisha nakala ya ile karatasi. Baada ya wiki tisa pesa yangu ilirudi yote.

Ndugu yangu uliye huku, siku ya kumchukua mgonjwa wako usiulize dawa peke yake. Uliza kifungu, kiandikwe, na kabla ya kulipa bili yoyote fungua kwanza kopo lako.