Machakos: Watu Waliongezeka, Udongo Ukapona

Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9. Ile ya 2019 ikakuta milioni 47.6. Ardhi ni ile ile, tena takriban asilimia 80 yake ni kame au nusu kame. Je, kila kinywa kipya kinadai shamba jipya?

Wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, inatoa jibu lenye uzito. Katika miaka ya 1930 vilima vya Wakamba vilijaa makorongo, mvua ikisomba udongo na mifugo ikikosa malisho. Wakoloni walilaumu wingi wa ng'ombe, ilhali wao ndio waliowazuia Wakamba kuhamia ardhi ya jirani. Mifugo ilipoanza kuchukuliwa kwa nguvu mwaka 1938, kiongozi wao Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kuidai.

Wakati huo wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa milioni 1.4. Hata hivyo, utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda.

Ufundi uliotumika huitwa fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokingama mteremko, hutupa udongo upande wa juu, kisha huotesha nyasi kwenye tuta. Msimu baada ya msimu udongo hujikusanya nyuma ya tuta, shamba likageuka ngazi, na maji yaliyokuwa yakikimbia bondeni huzama kwenye mizizi. Mitaro mingi ilichimbwa na mwethya, vikundi vya ujima ambavyo wanawake walikuwa uti wa mgongo wake.

Jembe peke yake halikutosha. Kahawa, soko la Nairobi na mishahara iliyotumwa nyumbani ndivyo vilivyolipia kazi hiyo. Wengi pia walihamia Makueni ilipofunguliwa kwa makazi, na nafasi kama hiyo haipo tena.

Kwa hiyo mwenye ekari mbili leo anahitaji uhakika kwamba tuta analojenga litabaki lake, barabara inayopitika masika, na bei inayorudisha gharama ya mbolea. Kaunti zinazopanga bajeti ya kilimo zianzie hapo, kabla ya kuhesabu ekari za msitu zinazoweza kufyekwa.