Njia Moja ya Kukimbilia, Misimu Minne

Ukitaka kujua ni nani kati yetu alinunua raba kwa bumu la kwanza kisha akazisahau chini ya kitanda, subiri Aprili. Mwanzo wa mwaka wa masomo njia za Mlimani hujaa watu wa tizi, makundi ya wanne watano, wengine na spika mkononi. Januari bado wapo. Masika yakishika, wanabaki wale wachache ambao hata walinzi wa getini wanawajua kwa sura.

Watu husema waliopotea ni wavivu. Mimi sikubaliani. Wengi walikuwa na njia iliyofaa msimu mmoja tu, na msimu ulipobadilika hawakuwa na pa kukimbilia. Mtu akikosa wiki tatu mfululizo, kurudi ni kuanza upya. Kwa hiyo kabla ya kuulizana kuhusu raba na saa za kupima mapigo ya moyo, tuzungumze kuhusu njia. Mfano wangu ni hapa Dar es Salaam, hasa kampasi ya Mlimani. Aliye Dodoma ana msimu mmoja wa mvua na upepo wenye vumbi, na aliye Mzumbe ana milima ya Uluguru juu ya kichwa, lakini maswali ya kujiuliza ni yale yale.

Dar ina misimu

Kuna msemo kwamba Dar ni joto tu mwaka mzima. Mtu anayekimbia anajua si kweli. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Septemba unavuma upepo wa kusi: hewa inakauka, na alfajiri za Julai nyuzi joto hushuka hadi karibu 19. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua za kuja na kuondoka. Kisha kaskazi inashika mpaka Machi, na hapo mchana nyuzi joto hupanda hadi 31 au 32, huku hewa imejaa unyevu. Wazee wa pwani waliendesha majahazi kwa hesabu hii, kaskazi ya kuja na kusi ya kurudi. Sisi tunaweza kuendeshea mazoezi.

Ukiitazama misimu hiyo kwa jicho la mkimbiaji, unapata maadui watatu: maji, joto na giza. Njia nzuri ya Julai haina adui hata mmoja, ndiyo maana kila njia ya Julai inaonekana nzuri. Njia ya kuaminika lazima ichaguliwe kwa kuangalia siku mbaya. Jiulize: je, hapa patapitika asubuhi ya Aprili baada ya mvua ya usiku kucha? Kama jibu ni hapana, hiyo ni njia ya matembezi ya msimu, iwe nzuri namna gani.

Tafuta mzunguko mama

Kosa la kawaida ni kutafuta njia ndefu ya kwenda mbali na kurudi. Ukiwa umbali wa kilomita tano kutoka hosteli na mvua ikamwagika, au tumbo likachafuka, una kilomita tano za kurudi. Mzunguko mfupi wa kilomita mbili au tatu unakupa kitu ambacho njia ndefu haina, yaani mlango wa kutokea. Kila baada ya robo saa hivi unapita karibu na kwako. Unaweza kuacha, kunywa maji au kubadili raba. Siku ukiwa na nguvu unaongeza duru, na siku ya msuli wa UE unapiga moja na kurudi kwenye kimbweta.

Huo ndio mzunguko mama. Uwe na mambo haya:

1. Uanzie mlangoni kwako, au dakika tano tu kutoka hapo. Njia inayohitaji daladala kwanza utaikimbia mara moja kwa wiki, ukijitahidi.

2. Uwe na lami au zege kwa sehemu kubwa. Udongo ni laini kwa magoti wakati wa kiangazi, lakini masika ukishakuwa tope unateleza, na kifundo cha mguu kikipinda unakaa nje wiki kadhaa.

3. Uwe juu kuliko majirani zake. Maji hutafuta bonde. Hapa Mlimani tuna bahati, kwa sababu chuo kiko kilimani na barabara za juu hukauka mapema, wakati mabonde ya kuelekea mto Mlalakua na yale ya upande wa Msimbazi bado yanatiririka.

4. Uwe na kivuli angalau nusu ya safari. Miti ya kampasi ni mali. Ukitoka nje ya geti kwenda barabara ya Sam Nujoma, utaiona tofauti ndani ya dakika moja.

5. Uwe na watu wanaokaa hapo muda wote: walinzi, mama lishe, kituo cha bajaji, wanafunzi wanaokwenda vipindini. Mahali penye macho ya watu ni salama kuliko mahali penye ukuta mrefu na utulivu mwingi.

Kuupata si kazi ngumu. Tembea kwa miguu kwanza, ukiwa na simu ya kupimia umbali. Angalia mifuniko ya mitaro, sehemu zisizo na taa, matuta, mbwa wa mageti, na pale ambapo magari hukata kona kwa kasi. Ukikimbia nje ya kampasi pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kaa upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo yale yaliyo karibu nawe utayaona yakija na utapata nafasi ya kuruka pembeni.

Masika: punguza umbali, usiache

Mvua yenyewe haiui mazoezi. Nusu saa ya manyunyu inapoza mwili, na wengi hukimbia vizuri zaidi siku hizo. Shida ni maji yaliyosimama na maji yanayokwenda. Dimbwi linaficha mtaro uliokosa mfuniko. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtu aliyewahi kuona Jangwani ikifungwa kwa mafuriko ya Msimbazi haitaji kuelezwa zaidi. Kanuni ni rahisi: kama huoni chini, usikanyage. Geuza, rudia kipande kilicho kikavu mara nne au tano. Inachosha akili, lakini miguu haijui tofauti.

Radi ni jambo jingine kabisa. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo, si chini ya mwembe, na usitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ukirudi, osha miguu kwa sabuni, hasa kama una mchubuko, kwa sababu maji ya mtaa hubeba kila kitu. Raba zijaze magazeti ya zamani ndani, yatanyonya unyevu usiku. Ukizianika juani moja kwa moja gundi inaachia, na bei ya raba unaijua.

Pembeni mwa mzunguko mama, uwe na mahali pa akiba. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kawaida vya mita 105 kwa 68 una ukingo wa mita 346, kwa hiyo kuuzunguka mara tatu ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Kama uwanja umejaa maji, ngazi za jengo lenye ghorofa nne, kwa dakika ishirini, zitakufanya uheshimu mvua.

Kaskazi: njia ni ile ile, saa inabadilika

Januari na Februari maji si tatizo tena. Tatizo ni jasho lisilokauka. Mwili hupoa pale jasho linapogeuka mvuke. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linadondoka tu chini bila kukupoza, na moyo unalazimika kudunda zaidi kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana duru uliyoipiga Julai huku unapiga stori inakukata pumzi Februari. Hujashuka kiwango. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne za kuzoea joto, kwa hiyo punguza kasi wiki mbili za kwanza na utumie kipimo cha bure: kama huwezi kutamka sentensi nzima, unakimbia haraka mno.

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinagonga, au baridi ya ghafla wakati jua linawaka, simama hapo hapo. Kaa kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, endelea kummwagia maji na kumpepea huku mkitafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha afya mara moja. Hilo si la kusubiri.

Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mapema Machi, hawawezi kuukwepa msimu huu, kwa kuwa mbio ndefu za maandalizi zinaangukia ndani ya joto lenyewe. Hapa mzunguko mama unaonyesha thamani yake. Kilomita 18 kwa duru za kilomita tatu ni mara sita kupita pale ulipoacha chupa ya maji. Anayetaka kubadilisha macho anaweza kwenda Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, hadi Coco Beach na Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Ila daraja halina mti hata mmoja, kwa hiyo uwe umeondoka hapo kabla jua halijapanda.

Giza, na nani anabaki nyumbani

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa ya jua haichezi sana. Dar jua huchomoza mapema zaidi mnamo Novemba, kabla kidogo ya saa 12 asubuhi, na huchelewa zaidi Julai, karibu saa 12:40. Mwanga wa kuona njia hutangulia kwa kama dakika ishirini. Maana yake, mtu anayeanza saa 12:20 asubuhi ana mwanga mwaka mzima bila kubadili alamu. Siku ya kipindi cha saa 1, basi, usijidanganye, hamisha mazoezi jioni.

Jioni jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50, na giza letu halibembelezi, likija limekuja. Lakini hesabu inatusaidia: miezi ya joto kali, Januari na Februari, ndiyo jua huchelewa kuzama. Unaweza kuanza saa 11:45 jioni, ukali umepungua, na ukamaliza bado unaona. Juni jua huzama karibu saa 12:15, lakini hakuna joto la kukimbia, kwa hiyo anza hata saa 10:45.

Dakika hizi si jambo dogo. Kaka anaweza kusema "nitakimbia tu saa 2 usiku" na akaenda. Dada wengi hawawezi, na si kwa sababu ya woga usio na msingi. Kipande kimoja cha mita mia mbili kisicho na taa kinatosha kumfungia mtu mazoezi ya muhula mzima. Kwa hiyo mnapopanga njia ya kundi, ipangeni kwa kumuuliza mwenye mengi ya kupoteza apite nayo kwanza. Njia inayomfaa yeye itawafaa wote. Na orodha ya nguzo zenye taa zilizokufa, ikiwa na mahali na tarehe, ni kitu ambacho wawakilishi wetu wanaweza kukipeleka mezani. Malalamiko ya jumla hayatengenezi taa.

Jingine ni programu za simu. Ukiweka hadharani ramani ya kila mbio, umemwambia mtu usiyemjua unaanzia hosteli gani na saa ngapi. Programu nyingi zina sehemu ya kuficha mahali pa kuanzia na kumalizia. Itumie.

Wa nje ya kampasi, na mwezi mtukufu

Anayeishi Mabibo hana kilima wala miti ya Mlimani, na barabara ya Mandela ina malori ya bandarini usiku na mchana. Mzunguko wake utafutwe ndani, kwenye eneo la hosteli na mitaa ya jirani yenye lami, hata kama ni kilomita moja tu ya kurudia. Au afanye kama baadhi wanavyofanya: anakuja chuoni na raba kwenye begi, anakimbia baada ya kipindi cha mwisho, kisha anaondoka.

Kwa wanaofunga, Ramadhani ni kama msimu wa tano, nao unahama. Kila mwaka unarudi nyuma kama siku kumi na moja, kwa hiyo miaka mingine utaangukia kaskazi na miaka mingine masika. Wengi huona nafuu kukimbia taratibu dakika thelathini kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe kwenye njia yenye taa. Mzunguko mfupi karibu na kwako unafaa kwa yote mawili.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Njia usiiamini kwa siku moja. Ipitie mara tatu kabla ya kuiita yako: mara moja asubuhi ya kawaida, mara moja jioni watu wakirudi, na mara moja asubuhi baada ya mvua kubwa. Ile ya tatu ndiyo mtihani. Andika kwenye simu mistari miwili: wapi palijaa maji, wapi palikuwa na giza. Vuli ni wakati mzuri wa kufanya hivyo, kwa sababu mvua zake zinakuonyesha sehemu mbaya huku bado una miezi ya kurekebisha. Masika yakifika utakuwa unajua kona ipi ya kuruka.

Na kama utapata mzunguko mzuri, usiufanye siri. Mpeleke wa mwaka wa kwanza mmoja, hata akikuchelewesha duru mbili.