Makande ya Nazi na Jiko la Mkaa

Mwezi huu tunaingia jikoni. Mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja ni chakula cha asili cha Wapare na Wasambaa; nazi ni ya watu wa Pwani. Katika nyumba za kupanga za Buguruni, ambako majirani wa makabila mengi hupikia ua mmoja, vyakula hivi vimekutana katika sufuria moja: makande ya nazi. Hushibisha, hufaa Ijumaa za Kwaresima tunapoacha nyama, na watoto huyapenda.

Faida yake kwa afya ni kubwa. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage huuziba. Ukila pamoja na chungwa au embe, mwili hupokea vizuri zaidi madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai isubiri baadaye, kwani huyapunguza.

Lakini makande huchelewa kuiva, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Hata nyumba zenye gesi, nyingi hubakiza jiko la mkaa kwa vyakula vya namna hii. Usiku unaingia makande hayajaiva, mvua inanyesha, au mama anahofia sufuria kuibiwa uani. Jiko linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana wengi hudhani hauna madhara. Kumbe hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke tena.

Kinga ni kuloweka usiku na kupika mchana. Vilivyolowekwa huiva mapema na mkaa hutumika kidogo.

Mahitaji kwa watu 5: mahindi yaliyokobolewa nusu kilo, maharage robo kilo, nazi 1, kitunguu 1, nyanya 2, karoti 1 na chumvi kidogo.

1. Chambueni mahindi. Yenye ukungu yatupwe, wala wasipewe kuku. Huenda yana sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

2. Lowekeni mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mwageni maji hayo.

3. Bandikeni mahindi uani kwa maji mapya. Yakianza kulainika, tieni maharage. Yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguzeni moto na kufunika mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha.

4. Msitie magadi, huharibu vitamini B. Nyanya nazo msizitie mapema, kwani uchachu wake huchelewesha maharage kuiva.

5. Yakishaiva, tieni kitunguu, nyanya, karoti, chumvi na tui la pili. Yakikaribia kukauka, mimineni tui zito, mkikoroga taratibu ili lisikatike. Likichemka kidogo, epueni.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe yake mpaka yawe laini, kabla ya kutiwa chumvi.

Mkimkuta mtu amelegea au amezimia katika chumba chenye jiko, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje upesi apate hewa safi, kisha mumpeleke hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Kama hofu ni wizi, ingizeni sufuria ndani na mliache jiko nje. Kabla ya kufunga mlango usiku, mmoja wenu aulize: jiko liko wapi?