Kopo Kwenye Rweya: Kuficha na Kutafuta Bila Kuzua Balaa

Mji wa Bukoba uko karibu na latitudo 1°20′ kusini mwa ikweta na longitudo 31°49′ mashariki. Ukiandika herufi ya kaskazini badala ya kusini, kosa la kidole kimoja tu, atakayefuata namba zako atajikuta ndani kabisa ya Uganda, kaskazini ya Kiboga, karibu kilomita 300 kutoka ufukwe wa Bukoba. Kwa hiyo anayetaka kucheza jiokeshi mkoani Kagera aanze na namba, kopo baadaye.

Jiokeshi ni mchezo wa kuficha na kutafuta kwa msaada wa setilaiti. Mmoja anaficha kopo lenye daftari dogo, anapima mahali lilipo kwa GPS, kisha anatangaza namba hizo mtandaoni. Mwingine anazifuata kwa simu, analipata, anaandika jina na tarehe, anarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kama ndani mna vitu vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaweka kingine chenye thamani ileile au zaidi. Makopo ya namna hii yamezidi milioni 3 duniani. Ujerumani peke yake ina mamia ya maelfu; sisi tunayo machache mno.

Mchezo una tarehe ya kuzaliwa. Hadi mwaka 2000 jeshi la Marekani liliyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia, hivyo kifaa chako kingeweza kukudanganya kwa mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe, na ukakoma usiku wa manane kwa saa za Washington, huku kwetu ikiwa saa moja asubuhi ya tarehe 2 Mei. Siku iliyofuata Dave Ulmer, Mmarekani wa jimbo la Oregon, aliacha ndoo ya plastiki porini karibu na Beavercreek na kutangaza namba zake. Ndani aliweka vitabu, fedha kidogo, manati, hata kopo la maharage. Maharage yale leo yangekataliwa. Chakula ndani ya kopo ni mwaliko kwa siafu, panya na tumbili, na mnyama mwenye njaa hashindwi na mfuniko.

Sasa tuje kwenye namba. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa ya atomiki na ikitangaza muda wake bila kukoma. Simu hulinganisha muda huo na wake, ikajua mawimbi yamesafiri kwa muda gani, na kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, ikajua umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukuonyesha ulipo. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu yako ni ya bei rahisi na lazima isahihishwe. Hapa nanosekunde moja ni sentimita 30. Hata Einstein ana sehemu yake: saa zilizoko juu huko hukimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na zisingerekebishwa, kosa lingekuwa linaongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Mchezaji wa kawaida huandika dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta. Katika latitudo, tarakimu ile ya mwisho ni kama mita 1.85 ardhini. Simu nzuri chini ya anga wazi hukosea mita tano hivi, kwa hiyo tarakimu ya nne ni mapambo. Ipe simu dakika chache itulie, soma namba mara kadhaa, kisha urudi siku nyingine upime tena, maana setilaiti zitakuwa zimekaa pembe tofauti. Na usichukue namba kutoka kwenye zile ramani za zamani za 1:50,000 ukadhani zitalingana na za simu. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Mahali palepale pa Bukoba, mifumo hiyo miwili hupishana kwa zaidi ya mita 300. Umbali huo unakutoa kwenye kijiji kimoja ukaingia kingine.

Mandhari ya Wahaya nayo ina hesabu zake. Mtu akitembea kutoka Kemondo hadi Kamachumu hupita ardhi za aina mbili: kibanja, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, mibuni na miti ya kivuli, na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyoko nje ya makazi. Kwenye rweya anga ni wazi na simu hufurahi. Ukiingia kibanjani, mambo hubadilika. Mawimbi ya GPS hufika ardhini yakiwa hafifu mno, na jani pana la mgomba lililolowa huyapunguza zaidi, maana maji huyameza. Mengine hudunda kwenye bati la nyumba au, ukiwa chini ya magenge ya Kamachumu, kwenye ukuta wa jiwe, yakafika yamechelewa. Simu ikaamini uko mahali ambapo hupo. Ndiyo maana mshale huzungukazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga.

Na hapa naweka katazo la kwanza, tena kwa mkazo. Usikate jani hata moja la mgomba ili uone anga. Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, wilayani Muleba, na moja ya njia zake kuu za kusambaa ni panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Familia zimepoteza vibanja vizima kwa njia hiyo. Mchezaji mwenye panga ni hatari kuliko mwizi wa ndizi.

Je, tufiche kwenye rweya basi? Rweya ina adabu zake. Nyasi zake hukatwa kwa ajili ya kutandaza mashambani na kuezekea, ng'ombe huchungwa humo, na wakati wa kiangazi huchomwa moto. Kopo la plastiki lililoachwa kwenye nyasi litakuwa uji mweusi kabla ya mwaka kuisha. Msimu wa senene nao huwatoa watu nje alfajiri na mapema, wakitazama chini kwa makini kuliko mtafuta makopo yeyote. Mahali pa kudumu ni kwenye ufa wa jiwe, juu kidogo ya ardhi, palipo na mawe matupu kuzunguka ili moto upite mbali. Mawe ya mchanga ya Bukoba yanafaa sana. Ni maarufu kiasi kwamba wanajiolojia wameuita mfumo mzima wa miamba ya kale kwa jina la mji huu.

Mvua ndiyo adui wa pili. Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka usiku na asubuhi. Watu hudhani maji huingia koponi kwa sababu mfuniko umelegea. Mara nyingi kopo linayavuta lenyewe. Mchana jua huipasha hewa iliyo ndani, ikapanuka na kutoka kidogo. Dhoruba ya alfajiri ikalipoza ghafla, hewa ikasinyaa, na lile tone lililokaa kwenye ukingo likanyonywa ndani. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira wa mfuniko inatosha kufungua njia. Pangusa mpira huo kwa kidole kila unapofunga, iwe kopo ni lako au la mwenzako. Daftari liwe ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kalamu iwe ya risasi: wino huyeyuka, risasi haiyeyuki.

Marekani wachezaji wanapenda makasha ya risasi za bunduki kwa sababu hayapitishi maji. Huku usithubutu. Mkoa huu ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, na wazee wanakumbuka. Halafu kuna jambo la karibu zaidi: Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, watoto walipoteza maisha baada ya bomu lililookotwa kama chuma chakavu kulipuka. Tunawafundisha watoto wasiguse chuma wasichokijua. Tusiwawekee vichakani kitendawili cha chuma. Tumia chombo cha plastiki kinachoonyesha kilichomo.

Hapo ndipo kanuni za wenzetu wa Ulaya zinapokutana na Kagera na kushindwa. Kule adabu ya kwanza ni siri: mtafutaji hujifanya anafunga kamba za viatu hadi wapita njia waishe, kwa hofu kwamba asiyejua mchezo akiona, kopo litaibwa. Huku siri ndiyo inayoua kopo, na inaweza kumweka mtu pabaya. Mgeni aliyeinama kwenye kibanja cha watu, anapapasa chini ya jiwe na kuangalia nyuma, atasomwa kwa namna tatu. Msimu wa mavuno atakuwa mwizi wa kahawa. Karibu na majengo ya Wajerumani atakuwa anatafuta mali ya Mjerumani, na kesho yake vijana watakuja na sururu. Siku nyingine yoyote atakuwa amekuja kufukia dawa. Hiyo ya tatu si ya kuchekwa. Kanda ya Ziwa watu wameumizwa kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo. Tena makaburi ya familia ya Kihaya mara nyingi yako ndani ya kibanja chenyewe. Unayedhani unapita migombani unapita juu ya babu wa mtu.

Kwa hiyo anza na hodi. Mwenye eneo kwanza, mwenyekiti wa kitongoji pili, na kama ni rweya ya kijiji, ofisi ya mtendaji, kwani ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nenda na kopo lenyewe mkononi, lifungue mbele yao. “Shikamoo, mzee. Nimekuja na mchezo, naomba nikuonyeshe.” Ukiletewa kahawa ya kutafuna, tafuna, mazungumzo bado hayajaanza. Kisha bandika karatasi ndani ya mfuniko, isomeke kwa nje: “Hili ni kopo la mchezo. Halina dawa, halina mali. Mwenyekiti wa kitongoji analifahamu. Ukilikuta, tafadhali liache hapa au piga namba hii.” Kijiji kikishajua, kopo limepata walinzi wasiolipwa. Wachungaji watakuwa wa kwanza kukupigia likisogezwa.

Kuna mahali ambapo hata ruhusa haitoshi. Mapango yenye popo ni ya kwanza. Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa virusi vya Marburg, hapa hapa wilayani Bukoba, na watu sita walifariki. Januari 2025 ukatangazwa mwingine Biharamulo. Virusi hivyo huishi ndani ya popo walao matunda wa Misri, wanaopenda mapango. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia Pango la Chatu kwenye msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Hakuna daftari lenye thamani hiyo.

Ukingo wa ziwa nao uepuke. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipita rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na kopo la ufukweni lingekuwa chini ya maji. Isitoshe, mtafutaji asilazimishwe kuingia majini penye konokono wa kichocho. Kisha maeneo ya kale, kama Katuruka huko Maruku, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt, akiongozwa na simulizi za wazee kuhusu mfalme Rugomora Mahe, alifukua mabaki ya ufuaji chuma wa kale. Maeneo kama hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na kokote kule, kanuni za mchezo wenyewe zinakataza kuchimba shimo bila idhini ya mwenye eneo, na zinataka kopo na kopo yaachane kwa mita 161.

Kwa maeneo hayo, ukiacha mapango ya popo, kuna aina ya jiokeshi isiyo na kopo, iliyoanza mwaka 2004: unafika, unatazama, unajibu maswali ya jiolojia, unaondoka na elimu tu. Mimi naona ndiyo inayoifaa Kagera kuliko zote. Simama Kyaka umuulize mgeni kwa nini mto Kagera umejaa vinamasi na maziwa kama Ikimba na Burigi pembeni. Jibu ni kwamba ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ikageuzwa, na maji yaliyozuiliwa ndiyo yakawa Ziwa Victoria. Swali hilo moto wa rweya hauliunguzi.

Mtafutaji naye ana wajibu mfupi. Aende na fimbo na aitangulize ndani ya ufa kabla ya mkono, kwa ajili ya nyoka na nyuki. Asipande jiwe la wazi kukiwa na ngurumo. Asiende peke yake, asivuke ua bila kuitikiwa hodi, na akiulizwa anafanya nini aseme ukweli na aonyeshe simu. Asipoliona kopo baada ya kutafuta kwa haki, aandike hivyo mtandaoni. Taarifa ya kukosa humwambia mwenye kopo aende kukagua.

Mwenye kopo ni lazima awe mtu wa kufika. Kanuni hazimruhusu mtalii wa wiki moja kuacha kopo Muleba na kulihudumia kutoka Ulaya. Kama unahama Bukoba, mkabidhi mtu wa kijijini anayeutaka mchezo, mbele ya mwenyekiti. Kama hayupo, liondoe kabla hujapanda basi, na ufute namba zake mtandaoni.