Magoma Nayo ni Mkopo, Wanangu

Wana wa Mbinga, leo tuongee mkwanja kiukweli. Kwenye vitabu vya mahesabu, mkopo wa muda mfupi ni ule unaotakiwa uwe umeumaliza ndani ya miezi 12. Kitaani tunaujua kwa sura zake: Songesha inapokutoa ukipelea kwenye muamala, M-Pawa ya mwezi mmoja, hela ya VICOBA, kausha damu. Ila kuna mmoja wengi hawauhesabu kabisa, na ndio unaozimaliza familia zetu: magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani.

Hakuna anayekuambia kwamba magoma ni mkopo. Januari hiyo, mahindi yanakaribia kukata, dogo anatakiwa kuripoti fomu wani na sare hana, mzee kachacha. Jamaa anatia timu na pikipiki, anazunguka shambani, anaiangalia kahawa ikiwa bado kijani kwenye mibuni. Anahesabu noti, anafungua daftari, mzee anaweka dole gumba. Imeisha hiyo. Nyumbani wanasema tumeuza kahawa. Hapana, mmekopa, na riba imejificha kwenye bei.

Piga hesabu na mimi. Chukulia jamaa amempa mzee laki moja kwa bei ya 4,000 kwa kilo. Deni ni kilo 25. Msimu unafika, AMCOS inauza mnadani kwa 7,000. Kilo zilezile 25 sasa ni 175,000. Juu ya laki, mzee ametoa 75,000 ndani ya miezi mitano, yaani asilimia 15 kila mwezi! Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa riba hiyo, laki ya mzee ingezaa 17,500 tu. Hapo ndipo roho inaniuma, maana jasho la kupalilia mibuni ni la kwake.

Ila si kila mkopo wa muda mfupi ni mbaya. Shuka na lami mpaka Mbamba Bay. Mama anayechukua dagaa ziwani anaanika juani, siku chache tu mzigo uko sokoni Songea na hela imerudi. Huyo, mkopo wa siku 30 unamfaa, ilimradi asiuchukue wakati upepo wa kusini umechafua ziwa na mitumbwi imelala mchangani. Mkulima wa kahawa akichukua mkopo huohuo Februari, tarehe ya kulipa inafika Machi, hana hata punje ya kuvuna. Atakopa kwingine kuziba hapo, na msala unaanza.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kukubali, jiulize hela yako inaingia lini, na jumla utakayorudisha ni shilingi ngapi. Aplikesheni za simu nazo ni noma: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 zinazokopesha bila leseni. Zipo zinazokomba namba kwenye simu yako, halafu ukichelewa zinamtumia mpaka mama mkwe meseji ya aibu.

Na kama mna kikundi, msilale. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na muende mapema, kabla jamaa wa daftari hajapiga hodi kwa wazee.